Tunakatazwa mti, tunaletewa pambo

Kuna sentensi moja ninaisikia kila mahali ninapofanya kazi na vijana, na nimeichoka: "Mkimbizi hapandi mti wa kudumu." Saa nyingine inasemwa kwa upole na mtu wa shirika mwenye kofia na karatasi mkononi. Saa nyingine inasemwa na wazee wetu wenyewe, kama vile ni methali waliyoachiwa na mababu. Maana yake ni ileile. Panda dodo, panda vitunguu kwenye gunia, panda karoti kama una bahati ya udongo, lakini usipande kitu kitakachokuzidi urefu. Dodo inaruhusiwa kwa sababu inang'oka.

Mimi nataka kubishana na sentensi hiyo, na nitabishana nayo kwa kutumia mti ambao wengi watacheka nikiutaja. Mchikichi na ndugu zake.

Najua cheko hilo. "Wewe kijana, mchikichi hapa? Kwenye baridi hii?" Ngojeni kwanza.

Hapa Rusizi ukishuka kutoka Kamembe hadi ziwani, utaiona miti ya namna hiyo mbele ya hoteli, imepangwa mstari kama askari wa gwaride. Ukipanda basi hadi Kigali utaiona katikati ya barabara kubwa na kwenye mizunguko. Na mwaka juzi, kwenye geti la ofisi moja inayotuhudumia, ambayo sitaitaja, ilishushwa miche mizuri kutoka kwenye pikapu, kila mmoja ndani ya mfuko wake mweusi. Ulikuwa ule mtende mdogo wa bustani, wataalamu wanauita Phoenix roebelenii, na kwao ni kando ya mto Mekong, kule Laos na Vietnam. Ni mti mzuri, sikatai. Unakua taratibu, hausumbui, majani yake ni laini kwa macho. Umewekewa zamu ya kumwagiliwa maji.

Mwezi uleule kikundi chetu cha vijana kiliomba ruhusa ya kupanda mikindu kumi na miwili kwenye korongo lililochimbwa na mvua nyuma ya nyumba. Jibu likaja: mti wa kudumu hauruhusiwi. Nikauliza, kwani ile ya getini ni ya muda? Nikajibiwa kwamba ile ni mapambo.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Mti ukiwa wa kutazamwa na mgeni anayeshuka kwenye gari, una ruhusa. Mti huohuo ukiwa wa kusukia mkeka, kuzuia udongo, au kukamua mafuta ya kupikia sombe, unageuka kuwa suala la ardhi na la siasa.

Kabla sijaendelea, neno kidogo juu ya majina. Wazungu wana neno moja la jumla, wanalibandika kwa kila mti wenye majani ya chane yanayotokea kichwani. Sisi hatuna neno hilo, na nadhani ni kwa sababu tumeishi na miti hii kwa karibu mno. Tunasema mnazi, mchikichi, mtende, mkindu, mvumo, mkoma, mwale, mpopoo. Kila mmoja una jina kwa sababu kila mmoja una kazi yake. Mtu aliyeupa mti jina kwa ajili ya kazi hawezi kuelewa haraka mti uliopandwa ili usifanye kazi.

Sasa tuje kwenye baridi.

Wazee wetu wengi wanatoka kando ya Tanganyika: Uvira, Mboko, Baraka, Fizi. Kule michikichi inaota hadi nyuma ya choo. Ziwa lile liko kama meta 773 juu ya usawa wa bahari. Kivu liko karibu meta 1,460, na ukiwa Kamembe mjini umeshapanda tena juu yake. Kwa kila meta 100 unazopanda, joto linashuka zaidi ya nusu nyuzi. Piga hesabu mwenyewe: kutoka Baraka hadi Kamembe umepoteza kama nyuzi nne au tano, usiku na mchana, mwaka mzima. Mchikichi unapenda wastani wa nyuzi 24 hadi 28. Ukishuka kuelekea 15, mche wake unasimama kukua kama mtoto aliyenuna. Mti mkubwa hautakufa, lakini maua yanakauka kabla ya kuwa kichane, na kichane kinachobahatika kinachelewa kuiva. Kwa hiyo wazee wanaposema mchikichi wa Fizi hauzai Kamembe, wanasema kweli. Tatizo ni pale wanapotoka hapo wakaruka hadi kwenye hukumu: basi miti yote ya ukoo huu ni ya joto. Huo ni uongo, na ni uongo unaotugharimu.

Ulaya wanalijua hilo. Mwaka 1849 Robert Fortune, mkusanyaji mimea wa Uskoti, alituma kutoka China hadi Uingereza miche ya mti unaoitwa Trachycarpus fortunei. Mti huo unavumilia theluji. Unavumilia hadi nyuzi 15 chini ya sifuri, na mwingine zaidi. China waliupanda kwa ajili ya nyuzi zinazofunika shina lake: walitengeneza kamba, mifagio, na makoti ya mvua. Waingereza waliupanda kwa ajili ya kuutazama. Leo upo Vancouver, Kanada, kwenye ufukwe wa English Bay, na kuna rafiki zetu waliopelekwa nchi ya tatu wanaotutumia picha wamesimama chini yake wamevaa makoti. Kuna na ndugu yake mfupi, Chamaerops humilis, wa kando ya Mediterania, unaoota kama kichaka. Moroko wanausukia vikapu na mifagio tangu zamani. Kwa ajili ya miti kama hii, watu wenye bustani ndogo Ulaya wananunua vitabu, wanafunga mti kwa blanketi wakati wa baridi, wanaupima joto kama mgonjwa. Yote hayo ili kukumbuka likizo!

Siwacheki. Mtu na bustani yake. Lakini kuna kosa linatoka huko na kuletwa kwetu ndani ya katalogi, na wafanyakazi wa mashirika ninaomba mlisome polepole. Kwenye katalogi mti unaandikwa "unavumilia baridi", na mtu anaagiza akidhani baridi ni baridi tu. Sivyo. Baridi ya Ulaya ina msimu. Mti unalala miezi minne, kisha kiangazi kinakuja na nyuzi 25 au 30, unaamka, unakula jua, unakua. Baridi yetu ya milimani haina msimu. Rusizi hakuna theluji wala barafu asubuhi, lakini pia hakuna miezi mitatu ya joto kali ya kufidia. Ni ubaridi wa kila usiku, Januari hadi Desemba. Mti unaoweza kustahimili nyuzi 15 chini ya sifuri kwa wiki moja sio lazima ufurahie nyuzi 19 maisha yake yote. Na mti uliozoea milima ya tropiki, kama ile minazi ya nta ya Kolombia inayoota karibu meta 3,000 kwenye milima ya Andes, ukiupeleka Ulaya unaweza kufa kwa theluji ya kwanza. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuza miche ni mti huu ulizaliwa kwenye baridi ya namna gani. Uvumilivu wa kwenye karatasi hautoshi.

Na hapa kuna hadithi ninayoipenda, kwa sababu inaumiza kidogo.

Watafiti wa kampuni ya mbegu huko Costa Rica, ASD, walitaka mchikichi unaovumilia ubaridi wa milimani. Walitafuta wapi? Walichukua mbegu kutoka nyanda za juu za Bamenda, Kamerun, na mbegu nyingine kutoka Tanzania, mkoa wa Kigoma. Kigoma hiyohiyo tunayoijua, ng'ambo ya ziwa kutoka kwetu. Wakazichanganya na mbegu bora, wakapata michikichi inayozaa mahali palipokuwa panahesabika pana baridi mno. Kisha FAO ikashirikiana nao kuileta tena Afrika, ikapandwa hadi magharibi mwa Kenya. Yaani mtoto wa Kigoma alivuka bahari, akasomeshwa, akarudi na cheti. Haohao wa Costa Rica wakatengeneza pia mchikichi wa kompakti: walichanganya wa Afrika na ndugu yake wa Amerika, wakapata mti wenye majani mafupi na shina linalopanda taratibu. Faida yake ni ya wazi kwa mtu mwenye kiwanja kidogo. Michikichi ya kawaida inapandwa meta 9 kutoka mmoja hadi mwingine, 143 kwa hekta moja. Ya kompakti inasogezwa karibu zaidi. Na kuivuna hakumhitaji kijana kupanda meta 15 na panga kiunoni. Mjomba wangu alianguka kutoka kwenye mchikichi kule nyumbani, akabaki na nyonga mbovu maisha yake yote, kwa hiyo msiniambie ufupi wa mti ni jambo la urembo.

Je, ninadai tujaze Kamembe michikichi? Hapana. Mimi sio mwanasiasa wa kampeni. Kwa mafuta ya mawese, mahali pake hapa wilayani ni chini, tambarare ya Bugarama, ambako nchi nzima ya Rwanda inafikia sehemu yake ya chini kabisa, kama meta 950 kwenye mto Rusizi. Joto lipo. Michikichi michache kwenye nyua za watu nimeiona kwa macho yangu. Kinachosumbua kule ni maji: mchikichi unataka mvua ya milimita karibu 2,000 kwa mwaka, zilizogawanyika vizuri, na Bugarama haifiki hapo. Kwa hiyo upandwe karibu na maji, pembeni ya mashamba ya mpunga, sio kwenye kilima kikavu. Mahama nako kuna joto, ila mvua ni kidogo zaidi, kwa hiyo anayetaka kuupeleka huko afikirie mara mbili. Kiziba na Kigeme, sahau mawese.

Lakini Kiziba na Kigeme, na hapa Nyarushishi kwenye kituo cha mpito, na kila mteremko ambako mvua inakula udongo wetu, pana mti mwingine wa ukoo huuhuu, na huo ndio hasa ninaoupigania. Mkindu.

Hauhitaji kutoka Costa Rica. Ni wa hapa. Unaota kutoka Senegali hadi Afrika Kusini, pwani na milimani, kando ya mito na kwenye mabonde yenye unyevu. Upo kwenye delta ya Rusizi upande wa Burundi, jirani na mikoma ya hifadhi ile. Wanyarwanda wanauita umukindo. Angalieni: mkindu, umukindo. Jina lenyewe linawaambia kwamba wenyeji wetu na sisi tuliujua mti huu kabla ya mpaka, na kabla ya mtu yeyote kuandikwa kuwa mkimbizi. Unaota kwa kundi, mashina membamba kadhaa kutoka shina moja la chini. Ukiyaacha machipukizi yote unapata kichaka; ukiyapunguza ukabakiza mawili matatu unapata mti wa kukaa kwenye kona ya uwanja bila kusumbua paa la shitingi. Mizizi yake ni ya nyuzi nyingi, inashika udongo wa ukingoni. Una miiba chini ya makuti, hilo niliseme wazi, na penye watoto wadogo inabidi miiba ikatwe.

Pwani, Pemba na Unguja na Lamu, mkindu ni uchumi wa akina mama. Wanachukua kuti changa, lile ambalo halijafunguka, wanalichana, wanalianika juani hadi linakuwa jeupe, wanalichemsha na rangi, wanasuka ukili mrefu, kisha ukili unazungushwa na kushonwa unakuwa mkeka. Mkeka mmoja mzuri ni kazi ya wiki. Kambini tunalalia mikeka ya plastiki inayotoka viwandani mbali, inapasuka kwenye mkunjo baada ya msimu mmoja, na ikipasuka tunasubiri mgao au tunanunua mwingine. Nina wasichana ishirini na wawili kwenye kikundi changu, wengi wamemaliza sekondari kama mimi, na hawana kazi ya mikono yao. Wamefundishwa kutengeneza sabuni mara tatu na mashirika matatu. Sabuni! Kila mtu kambini anatengeneza sabuni, nani atainunua? Na malighafi ya sabuni hiyo ni mawese tunayonunua sokoni Kamembe, yaliyotoka ng'ambo.

Sasa nijibu wanaonipinga, maana nawajua na hoja zao.

Wa kwanza wanasema: mkimbizi ni wa muda, mti ni wa miaka. Haya. Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana watoto wake. Nyabiheke ni ya 2005. Kigeme ilifunguliwa tena 2012, Mugombwa 2014, Mahama 2015. Mchikichi unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na unaendelea hadi miaka 25. Kama mtu angepanda siku Kiziba ilipofunguliwa, mti ungekuwa umezaa, umezeeka na kuhitaji kubadilishwa, na bado tungekuwa tunaambiwa tuko hapa kwa muda. Sisemi tukae milele. Nataka kurudi nyumbani kuliko huyo anayeniambia nitarudi. Lakini muda una urefu, na urefu huo unaweza kupimwa kwa miti.

Wa pili wanasema: ardhi sio yenu. Ni kweli, na Rwanda imetupa mahali pa kuweka kichwa, hilo hatulisahau. Lakini angalieni Misizi, karibu na kambi ya Mugombwa, ambako wakimbizi na wenyeji wanalima bonde moja pamoja na kuuza mavuno pamoja. Haikuwa lazima mtu awe na hati ya ardhi ili mahindi yaote. Tunaweza kufanya hivyo na mikindu: ipandwe na wote, ivunwe na wote, na sisi tukiondoka ibaki kwa jirani. Sheria ya Rwanda inataka meta 50 kando ya ziwa ziachwe bila kulimwa wala kujengwa, na mito nayo ina mkanda wake. Mahali pengi mkanda huo unahitaji mimea ya kushika udongo. Mkindu ni mti wa kando ya mto kwa asili yake. Hapo ombi letu halinyang'anyi shamba la mtu yeyote.

Wa tatu ndio wasomi, wafanyakazi vijana waliosoma mazingira, na hao ninawaheshimu. Wanasema: wewe unatetea mawese, hujui yalivyomaliza misitu ya Indonesia na Malesia? Najua. Na sisi Wakongo tunajua zaidi, kwa sababu tulianza kuumia mapema. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji iliingia mkataba na Lever, yule wa sabuni, akapewa maeneo makubwa ya michikichi ndani ya Kongo, na watu wakalazimishwa kuvuna. Mwaka 1931 Wapende waliasi, wakauawa kwa mamia. Basi mnaponiambia mchikichi una damu, sibishi. Ila damu hiyo ilimwagwa na aliyekuwa na kiboko na mizani. Mti hauna mkono. Mashina ishirini nyuma ya jiko la mama mmoja hayakukata Nyungwe na hayatakata Nyungwe. Shamba la kampuni la hekta elfu kumi ni jambo jingine kabisa, na likija nitasimama na ninyi kulipinga.

Tena niwageuzie hoja yenu. Ule mti wa China wa bustani, Trachycarpus, umetoroka bustani huko kusini mwa Uswisi, jimbo la Ticino. Ndege wanakula mbegu, wanazitupa msituni, na msitu unajaa mti wa kigeni. Tangu Septemba 2024 Uswisi imekataza kuuuza. Sasa nani kati yetu aliyefikiria habari hizo alipoagiza miche ya mapambo kutoka nje? Mkindu wa hapa unaulizwa maswali kumi na pambo la kigeni linapita getini bila kusimamishwa.

Na kwa wazee wetu nina neno moja, kwa heshima. Mnaposema "tusipande, tutaondoka", mnasema kwa uchungu, na nauelewa. Kupanda kunafanana na kukubali. Baba yangu mdogo hadi leo hataki hata kusawazisha sakafu ya nyumba, kwa sababu anasema sakafu nzuri ni ya mtu aliyekata tamaa. Lakini shikamoo zenu wazee, nyie mliopanda michikichi Fizi mlipanda na vita vikiwepo. Uasi ulikuwepo mwaka 1964, vijiji vikakimbia, watu wakarudi, wakakuta michikichi imesimama. Mliishi juu ya mafuta hayo wakati hapakuwa na kitu kingine. Mnatufundisha jambo moja kwa mdomo na jingine kwa historia yenu.

Tuangalie na majirani. Mwaka 2018 waziri mkuu wa Tanzania, Kassim Majaliwa, alianzisha kampeni ya michikichi Kigoma, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora ili nchi ipunguze kununua mafuta nje. Mkoa huohuo ndio wenye kambi ya Nyarugusu, iliyojaa Wakongo wa Fizi na Uvira, watu waliozaliwa chini ya mchikichi, wanaojua kupanda, kupalilia, kukwea na kukamua. Nao wanabanwa ndani ya kambi, hawaruhusiwi kutoka kulima. Mkoa unatafuta wakulima wa michikichi na umewafungia. Ninaposema sentensi ile ya "mkimbizi hapandi" inagharimu, ninamaanisha gharama kama hiyo, na inalipwa na pande zote mbili.

Hapa Rwanda tuna nafuu, mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi na kutembea. Lakini mwaka 2021 mgao wa chakula ulipopunguzwa, halafu familia zikagawanywa kwa madaraja, wengine wakabaki bila kitu, tuliambiwa sote: jitegemeeni. Nililikubali neno hilo. Ila kujitegemea kwa dodo ya kwenye gunia kuna mwisho wake. Dodo inakupa mboga ya leo. Hakuna mtu aliyejenga chochote kwa mboga ya leo. Na msije mkaniambia mna wasiwasi na mazingira wakati kambi ya Gihembe, iliyofunguliwa 1997, ilibidi ifungwe mwaka 2021 kwa sababu makorongo yalikuwa yanameza nyumba na watu wakahamishiwa Mahama. Makorongo hayo yalichukua miaka zaidi ya ishirini kukua. Ni muda wa kutosha kwa mti wowote.

Sasa mambo ya vitendo, maana nimeambiwa jarida hili linasomwa hadi na wenye mihuri.

Mbegu ya mchikichi usiokote tu ukafukia. Ina usingizi mzito. Vituo vinaiweka kwenye joto la karibu nyuzi 40 kwa miezi zaidi ya miwili ndipo iamke. Kwa hiyo ukitaka ya mbegu bora nunua iliyokwisha kuchipua, kutoka kituo kinachojulikana, na idhini ya kuingiza mimea nchini itafutwe mapema, sio siku ya gari kufika mpakani. Tunaomba Bugarama tu, na tunaomba kidogo: mashina hamsini ya jaribio, nusu ya aina ya milimani na nusu ya kawaida, ili baada ya miaka mitano mtu aseme kwa kuona. Mkindu ni rahisi zaidi. Okota tunda likiwa limegeuka rangi ya chungwa, toa nyama, loweka, panda mbegu ikiwa bado mbichi, weka kivulini. Inachipua ndani ya miezi michache. Au chimba chipukizi lenye mizizi yake pembeni ya mti mkubwa, wakati wa mvua, ukate majani nusu ili lisikauke. Kuti la kusukia usilikate kila mwezi kwa uchoyo. Acha mti upumue, na usiguse kabisa moyo, kwa sababu shina la ukoo huu likikatwa kichwa halitoi kichwa kingine.

Kikundi kina mifuko mia mbili ya plastiki nyeusi, ileile mliyotupa baada ya kupanda mitende ya getini. Tumeiosha. Tuna mbegu debe moja kutoka kwa mama mmoja mwenyeji ambaye ana mikindu kwenye bonde lake na hakutaka hela, alitaka tu tumfundishie binti yake kusuka. Korongo la nyuma ya nyumba limepimwa: lina meta 38 kwa urefu, na mvua za Machi zikija litaongezeka. Barua ya maombi ilipelekwa mara ya pili wiki tatu zilizopita, ikiwa na majina ya vijana wote na ya mama huyo. Inahitaji muhuri mmoja.